Hongereni kwa Robo Nzuri

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake la ubatizo. Wateja walimwita Mama Pasi, na wadogo zake wawili walimwita Dada, basi, kana kwamba duniani hapakuwa na dada mwingine. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na pasi mbili za mvuke, ndoo ya wanga, meza ndefu ya kukunjia nguo, na juu ya meza nyaya tatu kutoka ukuta hadi ukuta, zimebeba mashati ya watu. Kwenda chumba cha nyuma ilibidi upite katikati ya mashati hayo, nayo yanakupapasa uso. Karibu na swichi ya taa kulikuwa na msumari, na kwenye msumari rozari. Alisali huku anapiga pasi, midomo ikicheza, mvuke ukimfunika.

Mikono yake ilikuwa taratibu, mdomo wake ulikuwa wembe. Mteja akichelewa kuchukua nguo alimwambia, "Baba, hapa ni kwa dobi, si kabatini kwako." Akiletewa suruali yenye grisi aliinyanyua kwa vidole viwili: "Hii uliivaa wewe au ulilivisha gari?" Watu walicheka na kesho yake wakarudi. Nguo zake zilinyooka.

Wazazi walipofariki wadogo zake walikuwa bado wanavaa kaptula za shule, na yeye ndiye aliyekuwa baba na mama. Aliyemfuata yeye aliitwa Ngedere, kwa sababu alipanda kila kitu kilichosimama: nguzo za umeme, ukuta wa shule, hata mnara wa kengele ya kanisa, ambako padri alimshusha kwa maneno matamu na kumpandisha tena kwa kiboko. Kitinda mimba aliitwa Profesa. Huyo alisoma mpaka familia ikaona aibu kumtuma dukani.

Mungu akawapa kila mmoja alichokuwa nacho tangu utoto. Ngedere akawa fundi wa minara ya simu, mpandaji. Profesa akawa mchambuzi katika ofisi ya wauza hisa. Hiyo ni kazi ambayo Dada hakuielewa mpaka alipokuwa ameshaichukia. Kila baada ya miezi mitatu, yaani kila robo ya mwaka, kampuni kubwa hutangaza zimepata faida kiasi gani. Wakubwa wa kampuni huongea kwa simu, wachambuzi husikiliza, huuliza maswali kwa zamu, halafu huwaandikia wenye mali zao: nunueni hisa hizi, au subirini, au uzeni. Profesa alipewa kampuni za teknolojia. Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ni ile ile ambayo Ngedere alipanda minara yake.

"Kwa hiyo mmoja anaishikilia kwa mikono na mwingine kwa kalamu," Dada aliwahi kusema, na siku hizo alisema kwa fahari.

Jumapili moja baada ya misa walikuwa wanakula kwa Dada, wadogo zake wote wawili na Wifi, mke wa Ngedere. Profesa alikuwa amechangamka.

"Robo hii jamaa wanakuja na kitu kizito," alisema. "Wanakiita Mtu Mmoja, Mnara Mmoja. Wapandaji nusu, minara ile ile. Faida itaruka."

"Na mimi je, nitaruka?" aliuliza Ngedere.

"We kaka kazi yako ipo. Wanaopunguzwa ni wengine."

"Huko juu nilikuwa naongea na mwenzangu Bonge. Sasa niongee na nani, ndege?"

"Ongea na kamera. Mnawekewa kamera kwenye kofia, msimamizi anakuona akiwa ofisini."

Dada aliweka kijiko chini. "Kamera inashika kamba?"

"Dada, dunia nzima inakwenda hivyo."

"Mwacheni Profesa wetu," alisema Ngedere. "Mimi nikidondoka ataandika nimeshuka kwa asilimia mia."

Walicheka wote mpaka Wifi akapaliwa na maji. Dada pia alicheka, na kicheko hicho hakujisamehe. Wiki iliyofuata Profesa aliandika kwamba mpango ni mzuri na hisa zinunuliwe. Hakuficha, aliwasomea kwa simu, na Ngedere akampongeza.

Ngedere hakudondoka. Watu wengi walidhani alidondoka, na Dada alichoka kuwasahihisha. Walikuwa nyuki. Walikuwa wamejenga ndani ya boksi juu kabisa ya mnara, naye alipofungua kifuniko wakamvaa kichwa kizima. Aliteleza, mkanda ukamdaka kama ulivyotengenezwa kumdaka, akabaki ananing'inia. Zamani, ambayo haikuwa zamani sana, angekuwepo Bonge pembeni yake. Kazi ya mpandaji wa pili si kukaza nati. Ni kumfungua mwenzake akizidiwa na kumteremsha kwa kamba yake mwenyewe. Siku hiyo Bonge alikuwa kwenye mnara mwingine, peke yake pia. Msimamizi aliona kila kitu kwenye skrini. Aliita kwa redio, aliita gari, aliita zimamoto, na alipomaliza kuita hakuwa na la kufanya ila kuendelea kutazama. Walipomfikia Ngedere alikuwa bado amefungwa vizuri kabisa, mikanda yote imekazwa kama kanuni zinavyotaka. Mungu amlaze pema.

Dada hakupiga kelele makaburini. Alisubiri watu waondoke, masufuria yaoshwe, na Profesa abaki jikoni anafuta sahani asizojua kuzifuta.

"Ulisema dunia nzima inakwenda hivyo," alimwambia. "Haya, imekwenda naye."

"Dada, mpango sikuutunga mimi."

"Hukuutunga. Uliushangilia."

"Kila mtu aliushangilia! Kama nisingeandika mimi angeandika mwingine."

"Basi angeandika huyo mwingine, na mimi ningekuwa na mdogo wa kulia naye."

Wifi alikuwa mlangoni, khanga imefunika mdomo. Bonge alikuwa nyuma yake. Alikuwa jitu la mwili, hakuna aliyeamini kwamba mtu wa mzigo ule anapanda minara. Ngedere alikuwa akimtania kwamba mtandao ukipotea ni yeye ameuegemea.

"Mama Pasi," alisema Bonge, "mimi Jumatatu napanda. Peke yangu."

"Unapanda? Baada ya haya?"

"Nina watoto. Nikikataa, wapo mia getini wanaosubiri nikatae."

Hapo ndipo Dada alipopata wazo, na wazo lenyewe likawa amri kabla halijamaliza kuingia kichwani. Alimgeukia Profesa.

"Wewe si unaongeaga nao wakubwa? Si una zamu yako ya kuuliza?"

"Robo ikifika, ndiyo."

"Inafika lini?"

"Mwezi huu huu."

"Basi uliza. Mtu wa pili anarudi juu ya mnara au harudi? Ni hilo tu. Na utauliza ukiwa kwangu, mbele yetu, tusikie kwa masikio yetu."

Profesa aliweka sahani. Alijaribu kueleza. Maswali ni kwa foleni, na foleni inapangwa na kampuni yenyewe. Mchambuzi anayewachokoza leo, kesho mkono wake hauonekani. Na mchambuzi asiyeitwa, wateja wake wanahama, na bosi wake anamwonyesha mlango.

"Kwa hiyo kaka yako ni mdogo kuliko foleni," alisema Dada.

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Kwa Kiswahili kirefu."

Profesa alilia. Machozi yalikuwa ya kweli. Dada alimlea, alijua machozi yake ya kweli na yale ya kutafuta sukari. Akasema ataliuliza. Akaapa kwa Mungu, na Dada akamwambia Mungu amsikie.

Siku ya matokeo ikawa alasiri yenye jua kali. Dada alifunga mlango wa mbele akageuza kibao. Profesa alikuja na kompyuta yake na vile vidude vya masikioni, amevaa shati jeupe ambalo Dada mwenyewe alikuwa amelipiga pasi. Alikaa chumba cha nyuma, upande wa pili wa mashati, kwa sababu sauti zingegongana. Dada, Wifi na Bonge walizunguka meza ya kukunjia, na katikati yao simu ya Dada imeegemezwa kwenye kopo la wanga. Mtu yeyote aliruhusiwa kusikiliza mkutano ule kwenye mtandao. Ila matangazo yalichelewa kidogo: anachosema Profesa nyuma ya mashati, simu ingekirudia baada ya muda.

Kwanza aliongea mkurugenzi wa fedha. Alikuwa na sauti laini, ya mtu asiyewahi kuitwa mara mbili mezani. Mapato yamepanda. Wateja wa intaneti wameongezeka. Gharama za minara zimeshuka kuliko walivyotarajia, kutokana na Mtu Mmoja, Mnara Mmoja. Halafu wakafungua maswali.

"Asanteni kwa kunipa nafasi," alisema mchambuzi wa kwanza, "na hongereni kwa robo nzuri."

Wa pili: "Hongereni sana kwa robo nzuri. Mmetushangaza kwa uzuri."

Wa tatu alikuwa mwanamke, mwenye haraka. "Naungana na wenzangu, hongereni kwa robo nzuri, hasa kwenye minara."

Wifi aliinua uso. "Robo ya nini hiyo?"

"Ya mwaka," alisema Bonge. "Miezi mitatu."

"Miezi gani?"

Bonge aliitaja.

Wifi alihesabu kwa macho mpaka akafika siku ya nyuki. Halafu akasema, "Kumbe ni hiyo."

"Hawajui, shemeji," alisema Bonge.

"Wanajua," alisema Dada. "Wamesema hasa kwenye minara." Alikuwa ameshika pasi iliyozimwa, na mkono wake haukuwa na kazi. "Sikiliza wanavyojipanga. Kama watoto wa chekechea wanaomsalimia mwalimu mkuu."

Kutoka nyuma ya mashati wakasikia kiti kikisogea. Profesa alikohoa. Alikuwa ameitwa.

"Asanteni kwa kunipa nafasi," sauti yake ilisema, sauti ambayo Dada hakuwahi kuisikia nyumbani, laini na yenye tabasamu, "na hongereni kwa robo nzuri."

Bonge aligeukia mashati. Profesa mwenyewe alikatika, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha akaendelea haraka, na sasa sauti ilikuwa yake. Alisema angependa kuulizia Mtu Mmoja, Mnara Mmoja. Robo hii kuna fundi alifariki juu ya mnara, akiwa peke yake, wa kumteremsha hakuwepo. Je, kampuni itamrudisha mtu wa pili?

Aliuliza. Haki ya Mungu, aliuliza, na aliuliza vizuri. Bonge aligonga meza kwa furaha.

Lakini wakati ule ule simu kwenye kopo la wanga ilikuwa imemfikia. "Na hongereni kwa robo nzuri," ilisema simu kwa sauti ya Profesa, ikiwa wazi na safi, mezani, mbele ya mjane.

Wifi aliinuka akaenda kusimama dirishani.

Jibu likaja. "Asante kwa pongezi," alisema mkurugenzi wa fedha. "Na asante kwa swali. Ni tukio la kusikitisha. Yule alikuwa mfanyakazi wa mkandarasi, hakuwa mwajiriwa wetu, na mkandarasi anafuatilia. Kuhusu mpango wenyewe, niwatoe wasiwasi wawekezaji wetu: haturudi nyuma. Robo ijayo tunauingiza kwenye minara yote iliyobaki."

"Minara yote," alirudia Bonge polepole.

Mchambuzi aliyefuata hakusubiri. "Hongereni kwa robo nzuri. Na nashukuru sana kwa swali la mwenzangu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa linatutia hofu, kwamba mngelegea. Sasa, minara yote ikiingia, faida itapanda kwa kiasi gani?"

Dada alizima simu.

Profesa alitoka katikati ya mashati, moja limemning'inia begani. Uso ulikuwa umelowa jasho. "Dada, nimeuliza."

"Nimekusikia. Mara mbili."

"Lile neno limenitoka tu. Ni mazoea, Dada, halina maana. Kila mtu lazima aanze nalo. Ni kama kubisha hodi."

"Ulibisha hodi nyumbani kwa nani? Waliomuua?"

"Nilikuwa nimejiandaa! Nimeliandika swali, nimelisoma mara kumi, hongera haikuwemo. Nimefungua mdomo, ikatangulia."

"Ndiyo. Imetangulia kwa sababu imo. Kaka yako ilibidi aandikwe kwenye karatasi ili akumbukwe. Hao wako moyoni."

"Mama Pasi," alisema Bonge, "kijana kajitahidi."

"Wewe nyamaza, wewe ndiye uliyehukumiwa."

Simu ya Profesa ikaanza kulia mfukoni. Aliitazama, akasita. Dada akamwambia ipokee, isije ikawa ni foleni. Akaipokea. Alikuwa bosi wake, na bosi alikuwa na sauti kubwa, kila mtu aliisikia. Swali kali kijana wangu, alisema bosi. Umewabana mpaka wametoa ahadi. Soko limefurahi, hisa zinapaa hivi tunavyoongea, wateja wanauliza ni nani yule aliyeuliza. Jioni nataka ripoti yako.

Profesa alisimama pale na simu sikioni. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema yule fundi ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Wifi alikuwa amegeuka kutoka dirishani, anamtazama mdomo.

"Asante, bosi," alisema Profesa.

Dada alifungua mlango wa mbele. Jua likaingia ndani kama mtu asiyebisha hodi. Alitwaa kompyuta ya Profesa, akaiweka kizingitini, na vile vidude vya masikioni juu yake.

"Nenda kaandike," alisema. "Waandikie wanunue. Mzigo umepungua kwa mtu mmoja."

"Dada, unanifukuza?"

"Nakuruhusu. Usije ukachelewa."

Aliondoka. Bonge naye aliondoka baadaye, akisema anatakiwa alfajiri. Dada alipiga pasi mpaka nguo za watu zikaisha, na siku hiyo hakumtania mteja hata mmoja. Wifi alikunja. Rozari ilibaki kwenye msumari wake.

Profesa alipiga simu siku zilizofuata, hazikupokelewa. Alimtuma mtu na shati la kufuliwa. Lilirudishwa vile vile, chafu, limekunjwa kwa ustadi. Ripoti ya Profesa, Dada hakuisoma wala hakuiulizia. Wapo waliomwambia kwamba Profesa aliandika kuwa kampuni ile inacheza na roho za watu, na wapo waliosema aliandika kama wenzake. Kwa Dada yote yalikuwa sawa. Yeye alisikia alichosikia.

Misa ya kumwombea Ngedere ilifanyika mwezi ulipoisha. Bonge hakuwepo; alikuwa juu ya mnara. Dada na Wifi walikaa benchi la mbele, wamevaa nguo ambazo kila mshono wake ulikuwa umepita chini ya pasi. Profesa aliingia padri akiwa ameshaanza, akakaa nyuma kabisa. Dada hakugeuka, lakini alijua. Alijua kikohozi chake.

Padri aliposema watu wapeane amani, kanisa zima likaanza kunong'ona na kushikana mikono. Profesa alitembea kutoka nyuma mpaka mbele, njia yote ile, mbele ya macho ya watu, akasimama penye benchi la Dada. Alikuwa amekonda.

"Amani, Dada," alisema, mkono umenyooshwa.

Dada aliutazama mkono. Mkono huo aliwahi kuushika kuvuka barabara, aliwahi kuukata kucha. Akageuka akampa amani mzee mmoja wa benchi la nyuma, kwa mikono miwili, na alipomaliza akampa mama aliyekuwa pembeni ya mzee. Profesa aliusubiri mkono wake mwenyewe ushuke, ukashuka.

Ikafika komunyo. Benchi la mbele ndilo linaloanza. Wifi alisimama, akamngoja, Dada hakusimama. Tangu kipaimara chake hakuwahi kubaki amekaa wakati watu wanakwenda kumpokea Bwana. Akigombana na mtu, Jumamosi jioni alimfuata wakapatana, hata kama kupatana kwenyewe kulikuwa ni kumwambia, nimekusamehe lakini usinizoee. Sheria aliijua tangu utoto, hakuhitaji kufundishwa: huendi kule mbele ukiwa umemnyima ndugu yako mkono. Na ndugu mwenyewe hakuwa mbali. Ingetosha ageuke.

Mstari ulipita pembeni yake, viatu kwa viatu. Wazee walipita, watoto wa kwaya walipita, hata wale wanaokuja kanisani kwa msimu walipita. Alipotupa jicho nyuma mara moja, bila kutaka, aliona mabenchi matupu mpaka mwisho, na mwishoni kabisa Profesa amekaa, kichwa kimeinama. Naye hakuinuka. Katika kanisa zima walikuwa wamebaki wawili.

Wifi alirudi, mikono kifuani, macho yamevimba. Aliinama akamnong'oneza.

"Dada, padri bado amesimama. Mwite mdogo wako, mwende."

"Namwona," alisema Dada, akasogeza magoti ili Wifi apite.